Michango ya Wazazi Shuleni: Uamuzi Utangulie Ukusanyaji

(Hotuba kwa wajumbe wapya wa kamati za wazazi wa shule za msingi katika kata)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Afisa Elimu Kata, walimu wakuu, watendaji wa mitaa, wajumbe wa kamati za shule, na ninyi wazazi na walezi wenzangu mliochaguliwa hivi karibuni kushika fedha za wenzenu: nawashukuru kwa kunialika. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliishi na vitabu vya hesabu vya serikali za mitaa, na tangu nilipostaafu nimekuwa nikiombwa kukaa na kamati za wazazi pale ambapo hesabu zimegoma kulingana au watu wamegoma kuelewana. Mara nyingi mambo hayo mawili hukutwa nyumba moja.

Leo sitazungumza sana juu ya wizi, ingawa wizi upo na mahali pake panajulikana. Nitazungumza juu ya jambo linalotangulia. Kwa niliyoyaona, fedha nyingi za wazazi hupotea kabla hazijakusanywa. Hupotea siku ile mkutano unapopiga makofi kukubali kiwango cha mchango bila kukubaliana fedha hizo zitafanya kazi gani hasa, kwa kiasi gani, kwa muda gani, na kitapunguzwa nini endapo hazitatimia. Kuanzia siku hiyo mweka hazina anabeba mzigo usio na mipaka: kila anayemjia na shida ya shule anayo haki ya kusema fedha zilichangwa kwa ajili ya shule, na kila mzazi anayo haki ya kusema hakuzitoa kwa ajili hiyo. Wote wawili wana ukweli, na hakuna daftari litakaloweza kuwaamulia.

Mnakumbuka tulikotoka. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima katika elimumsingi ya umma, na utekelezaji wake ukaanza Januari 2016. Mwaka huohuo ukafuata Waraka Na. 3 ulioeleza wajibu wa kila mhusika, na humo mzazi alibaki na wajibu wa sare, madaftari na kalamu, matibabu, pamoja na chakula cha mtoto anayesoma shule ya kutwa. Kisha Januari 2018, baada ya malalamiko kwamba watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya michango, Rais John Magufuli aliipiga marufuku katika shule za umma, na ikaelekezwa kwamba mwenye nia ya kuchangia apeleke mchango wake kwa Mkurugenzi wa halmashauri, mwalimu asihusike kuukusanya. Wapo waliouona uamuzi ule kuwa mkali. Mimi nauona kuwa uligusa kidonda cha kweli, kwa sababu mwalimu anayefundisha asubuhi na kudai fedha mchana hawezi kumtazama mtoto wa mdaiwa kwa jicho lilelile. Kwenu ninyi wajumbe, yaliyobaki katika mafundisho ya miaka hiyo ni kwamba mchango ni wa hiari, unapitia utaratibu unaojulikana na mamlaka za eneo, haukusanywi na mwalimu, na kutolipwa kwake hakumgusi mtoto. Kamati isiyoanza kazi yake kwa kukaa na Mwalimu Mkuu na Mtendaji ili kujiridhisha kwamba inachotaka kukifanya kina kibali inajenga juu ya kiwanja cha mtu mwingine.

Jambo la kwanza la kuweka sawa ni kutenganisha mafungu. Ipo ruzuku ya uendeshaji inayotoka serikalini. Chini ya utaratibu wa elimu bila malipo ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, ambapo 6,000 huingia moja kwa moja katika akaunti ya shule na 4,000 huenda katika ununuzi wa vitabu. Shule yenye watoto 600, kwa hesabu hiyo, inapokea shilingi milioni 3 na laki 6 kwa mwaka, yaani laki 3 kwa mwezi, na fedha hizo zina matumizi yake yaliyoainishwa: vifaa vya kufundishia, ukarabati, mitihani, michezo na uendeshaji wa ofisi. Chakula cha shule ya kutwa hakimo. Ipo pia misaada ya wadau, ambayo kwa kawaida huja ikiwa na sharti lake. Na yapo matoleo ya wazazi. Mafungu haya yakichanganywa katika daftari moja, hata kwa nia njema ya kukopeshana wiki moja tu ili mpishi alipwe, hakuna mkaguzi atakayeweza kuyatenganisha tena bila kukisia, na kukisia katika fedha za umma ni kosa hata pale ambapo shilingi zote zipo.

Sasa niingie katika jambo ninalotaka tukae nalo kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndilo linalochukua sehemu kubwa ya michango ya wazazi katika shule nyingi za nchi yetu, nalo ni chakula cha mchana.

Chukueni shule hiyohiyo ya watoto 600. Mwaka wetu wa masomo una siku 194. Tuseme mmekubaliana kwamba kila mtoto atapata makande yenye gramu 100 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa siku. Mahindi kwa mtoto mmoja kwa mwaka yatakuwa kilo 19 na nusu hivi, yaani zaidi kidogo ya debe moja, na maharage yatakaribia kilo 6. Kwa shule nzima ni mahindi tani 11 na kilo 640, sawa na magunia 116 ya kilo mia, pamoja na maharage magunia 35. Nimezitaja namba hizi polepole kwa makusudi, kwa sababu ni kamati chache sana nilizozikuta zimeziandika. Nyingi zilikuwa zimeandika tu kwamba kila mzazi atatoa debe moja la mahindi na kilo tano za maharage, kiwango walichokirithi kutoka kwa kamati iliyopita, ambayo nayo ilikirithi, na hakuna aliyekuwa akijua kilitokana na watoto wangapi, sahani ya ukubwa gani, wala siku ngapi.

Halafu inakuja hesabu ya pili, ambayo ni chungu zaidi. Si wazazi wote watakaotoa. Mmoja amefiwa, mwingine kibarua chake kimekwisha, mwingine amehama na kumwacha mtoto kwa bibi, na mwingine, tuseme ukweli, hataki. Tuchukulie kwamba kati ya watoto 600 ni 480 tu ambao mahindi yao yameingia stoo. Hapo mna tani 9 na kilo 312, na upungufu wa kilo 2,328. Mkipika kwa kipimo kilekile cha gramu 100, na watoto wote wakila, kama inavyopasa, mahindi yataisha siku ya 155, na zitabaki siku 39 za masomo, karibu wiki nane, bila sufuria kupanda jikoni, wakati ambapo darasa la nne wanajiandaa na upimaji wao wa kitaifa.

Nini hutokea katika wiki hizo nane? Mkutano wa dharura unaitishwa. Wazazi waliokwisha kutoa wanaombwa watoe tena, wanakasirika, na wana haki ya kukasirika. Mtu mmoja anasimama na kuuliza mahindi yetu yamekwenda wapi, na mweka hazina ambaye hajachukua hata punje moja anajikuta anajitetea kama mshitakiwa. Nimewahi kukaa katika kikao cha namna hiyo. Mama aliyekuwa akitunza stoo, mtu mwadilifu kabisa, alilia mbele ya watu, akajiuzulu siku ileile, na tangu hapo hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyekubali tena kushika nafasi yake. Hesabu ilipokuja kufanywa ilionekana kwamba mahindi yalikuwa yameliwa na watoto, yote, kwa haki. Kilichokosekana ni uamuzi wa Januari.

Uamuzi huo ulikuwa na njia kadhaa, na kila moja ilikuwa halali endapo ingechaguliwa mapema na kwa uwazi. Wangeweza kupika gramu 80 tangu siku ya kwanza, na mahindi yangefika mwisho wa mwaka kamili. Wangeweza kuomba kilo 24 na robo kwa kila anayeweza, wakieleza waziwazi kwamba nyongeza ile ni ya watoto ambao nyumba zao hazitaweza. Wangeweza kulenga kilo 2,328 zile zitoke katika shamba la shule, kama shule inalo, maana mashamba ya shule tuliyorithi tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 bado yapo mahali pengi, na mengi yanakodishwa kwa bei ya kutupa au yamelala. Wangeweza kupika siku nne kwa wiki badala ya tano. Mimi binafsi ningechagua nyongeza pamoja na shamba, na ningepinga kupunguza siku, kwa kuwa mtoto asiye na uhakika wa chakula cha Ijumaa ndiye wa kwanza kutofika Ijumaa. Lakini si mimi wa kuamua. Ni mkutano wa wazazi, na kazi ya kamati ni kuuwekea mkutano namba hizi mezani ili uchague ukijua unachokichagua.

Wakati wa kukusanya nao ni uamuzi. Shule zetu zimezoea kuomba michango Januari kwa sababu mwaka wa masomo unaanza Januari. Lakini Januari ndio mwezi ambao mzazi ananunua sare, viatu na madaftari, na katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua ndio mwezi ambao ghala la nyumbani linakaribia sakafu na bei ya mahindi sokoni imepanda. Mkulima huyohuyo mwezi Julai au Agosti, mara baada ya kuvuna, anayo mahindi, na asipoyatoa shuleni atayauza kwa bei ya chini kwa mnunuzi wa kwanza atakayefika na lori. Kamati inayokusanya baada ya mavuno kwa ajili ya mwaka unaofuata hupata zaidi kwa maumivu kidogo, na ile inayokusanya fedha taslimu hununua magunia mengi zaidi kwa fedha zilezile. Mikoa yenye vuli na masika itapanga kwa kalenda yake, na mjini, ambako mzazi anaishi kwa mshahara au kwa biashara ndogo, huenda mchango mdogo wa kila mwezi ukafaa kuliko mkupuo. Kamati iangalie fedha za wazazi wake zinaingia lini ndipo ipange tarehe.

Kukusanya mapema, hata hivyo, kunaleta jukumu la kuhifadhi. Mahindi yatakayokaa miezi mingi yatafikiwa na dumuzi, mdudu ambaye wakulima wetu walimpa jina la lori la Skania, na yasipokaushwa vizuri yatashika ukungu unaozalisha sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika baadhi ya wilaya za Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Nalisema hili mbele ya watu wanaoshika fedha, wala si mbele ya maafisa wa afya, kwa sababu linageuza kabisa maana ya bei nafuu. Mjumbe anayeleta nukuu ya mahindi ya bei ya chini kuliko wote apongezwe kwa juhudi, kisha gunia lifunguliwe, punje zimwagwe juu ya turubai, zinuswe, zitafunwe zisikike kama ni kavu, na yale yaliyobadilika rangi yakataliwe hata kama fedha zitaokolewa nyingi. Mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa ni gharama ambayo kamati isione haya kuiweka katika bajeti. Na kilichoharibika stoo kiandikwe kwamba kimeharibika, kwa kilo na kwa tarehe, mbele ya mashahidi wawili, kabla hakijatupwa. Kilo kumi zilizoandikwa kuwa zimeliwa na dumuzi hazimsumbui mtu. Kilo kumi zilizopotea kimya zinaweza kubomoa umoja mzima.

Nije sasa kwa suala la mikono. Katika kila matumizi zipo kazi nne: kuamua, kutunza, kununua, na kuhakiki. Palipo na matatizo nimeona karibu kila mara kwamba kazi tatu kati ya hizo zimeangukia kwa mtu mmoja, na kwa kawaida ni mtu mwema zaidi katika kamati, yule ambaye hakatai kutumwa. Mwenyekiti anaamua njiani, anampigia simu mweka hazina, mweka hazina anatoa fedha, anakwenda sokoni mwenyewe, anapokea mzigo mwenyewe, na jioni anaandika daftari mwenyewe. Hajaiba, lakini hakuna mtu duniani anayeweza kumshuhudia kwamba hajaiba, na huo ni ukatili tunaomfanyia mtu anayejitolea.

Mbona tunajua namna ya kufanya vizuri? Wengi wenu, hasa akina mama, mko katika VICOBA na vikundi vya kuweka na kukopa. Mnalijua sanduku la kufuli tatu. Anayelitunza nyumbani hana ufunguo, na wenye funguo hawalali na sanduku. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti, na kikao kikifungwa inatangazwa bakaa, na kila mwanachama anaondoka nayo kichwani, ili wiki ijayo kabla ya kufuli kufunguliwa mtu yeyote aulizwe: tuliacha shilingi ngapi? Utaratibu huo umewawezesha watu wasiosoma hata shule ya msingi kuzungusha mamilioni bila kugombana. Sioni kwa nini mama huyohuyo akivuka barabara na kuingia katika kamati ya wazazi wa shule aambiwe kwamba mambo ya fedha yana wataalamu wake. Yaleteni shuleni yale mnayoyafanya kikundini. Akaunti ya benki iwe na watia saini wasiopungua watatu waliogawanywa katika makundi mawili, ili saini moja kutoka kila kundi ihitajike, na wasiwe ndugu wala wafanyakazi wa ofisi moja. Anayenunua asiwe anayepokea stoo. Anayepokea apime kwa mizani na kusaini hati ya mapokezi. Na bakaa itangazwe kila kikao, iandikwe katika muhtasari, na isomwe tena kikao kinachofuata kabla ya ajenda nyingine yoyote.

Kuhusu simu nitasema kwa kifupi, ingawa kwa mkazo. Michango isiingie katika namba binafsi ya mtu. Namba binafsi ina fedha zake za nyumbani, ina mikopo ya mtandao inayojikata yenyewe salio linapoingia, inaweza kupotea, na mwenye namba akifariki, fedha za watoto zinageuka kuwa sehemu ya mirathi inayogombaniwa. Zipo akaunti za vikundi katika mitandao ya simu na katika mabenki ambazo haziruhusu mtu mmoja kutoa peke yake. Makato yake ni madogo ukilinganisha na hasara ya kuyakwepa.

Kila malipo yawe na hati yake ya malipo, inayoonyesha uamuzi wa kikao kipi uliyaruhusu. Naomba mlishike hili la kutaja kikao, kwa kuwa risiti pekee haitoshi. Risiti inathibitisha kwamba sufuria ilinunuliwa, haithibitishi kwamba wazazi waliitaka. Dai risiti ya mashine kwa kila muuzaji anayetakiwa kuitoa. Kwa mama anayeuza nyanya gengeni, au kijana wa bodaboda aliyebeba magunia, hati ya malipo yenye jina, namba ya simu, saini au dole gumba na shahidi mmoja itatosha, na msiwaonee watu hao kwa kuwataka karatasi wasizokuwa nazo. Kwa mahitaji madogo ya jikoni, kama chumvi, kiberiti na sabuni, mkutano upitishe masurufu ya kiasi kisichobadilika, tuseme shilingi 30,000, ambayo mpishi mkuu au mjumbe wa jikoni anayarejesha kwa hati kabla ya kupewa mengine. Bila hivyo, kila kiberiti kitahitaji kikao, watu watachoka, na wakichoka wataacha hata taratibu za mambo makubwa.

Yapo matumizi ya mara moja na yapo yanayojirudia, na hapa ndipo kamati zenye moyo mzuri hujikwaa. Shule ina upungufu wa walimu, anapatikana kijana aliyehitimu chuo na hana ajira, wazazi wanafurahi, wanakubali kumpa posho kila mwezi. Uamuzi unapitishwa kwa makofi Februari, wakati sanduku lina fedha. Kufikia Juni michango imesinyaa, posho inachelewa mwezi, halafu miwili, na yule kijana, ambaye ndiye anayefundisha hisabati darasa la saba, anaacha kuja wiki chache kabla ya mtihani. Kabla ya kumwahidi mtu posho, kamati izidishe posho hiyo kwa miezi yote ya masomo iliyobaki, itenge fedha zote pembeni au ioneshe zitatoka wapi, na kama hazitoshi imwambie kijana ukweli kwamba mkataba wake ni wa miezi minne. Vivyo hivyo kwa mlinzi na mpishi. Mkataba uandikwe, hata wa ukurasa mmoja. Mtu anayeamka alfajiri kuwapikia watoto mia sita hastahili kulipwa kwa kubahatisha.

Jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha ni sauti ya darasa la saba. Wazazi wa darasa la mitihani huja mikutanoni kwa wingi, wana wasiwasi, na wasiwasi wao una msingi. Matokeo yake ni kwamba fedha zilizochangwa na wazazi wa madarasa yote zinaelekea katika mitihani ya majaribio, karatasi za kurudufu na kambi za kujisomea za darasa moja, huku darasa la kwanza likiwa na watoto wengi sakafuni. Sisemi darasa la saba lisisaidiwe. Nasema kwamba mchango wa wote utumike kwa wote, na jambo la darasa moja liwe na mchango wake wa hiari, daftari lake na taarifa yake. Mzazi wa mtoto wa darasa la kwanza hana uzoefu, hajui kuuliza, pengine anaona aibu kusimama mbele ya wazee wa shule. Mwenyekiti mzuri humwita ajenge hoja kabla ya kura kupigwa.

Nimefika kwa mzazi asiyeweza, na hapa naomba mnisikilize kwa moyo. Katika baadhi ya shule nimekuta orodha ya majina ya watoto ambao wazazi wao hawajatoa imebandikwa kwenye mlango wa jiko. Nimesikia ya watoto wanaosimamishwa kando wenzao wanapochukua sahani. Mtoto wa miaka saba anasimama kwenye jua na kikombe kitupu akisubiri kuona kama uji utabaki. Hakuna bajeti iliyosawazika vizuri kiasi cha kuhalalisha jambo hilo, na mjumbe anayelishuhudia akanyamaza amelishiriki. Deni ni la mtu mzima, lizungumzwe na mtu mzima, nyumbani kwake au ofisini kwa Mtendaji, kwa faragha. Mpishi asipewe orodha yoyote ya wadaiwa. Anayepika apewe idadi ya watoto waliohudhuria siku hiyo, basi.

Kamati pia ikubali kwamba kutoa kuna namna nyingi. Mzazi asiye na mahindi anaweza kuleta mzigo wa kuni, kuchota maji, kulima shamba la shule, kusuka mkeka, kupiga plasta jiko linapobomoka. Siku hizo za kazi ziandikwe katika daftari la michango kwa thamani iliyokubaliwa mapema na mkutano, karibu na jina lake, kama magunia ya mwenzake yalivyoandikwa. Na wale wachache ambao hata hilo hawaliwezi, wazee wanaolea wajukuu, wagonjwa wa muda mrefu, wasamehewe kwa uamuzi wa kikao kidogo cha watu watatu wanaojua kutunza siri, na idadi yao tu, bila majina, isomwe mkutanoni. Kwa njia hiyo wazazi watajua kwamba zile kilo za nyongeza walizotoa Januari zilifika zilikokusudiwa.

Taarifa yenyewe isomwe kwa lugha ya watu. Nimesikiliza waweka hazina wakisoma kurasa sita za tarakimu mfululizo huku wazazi wakitazama saa. Someni mambo ambayo mzazi anaweza kuyahakiki kwa macho yake: tulipokea magunia mangapi, tumepika siku ngapi, kwa wastani wa watoto wangapi kwa siku, stoo sasa ina magunia mangapi, na kwa kipimo tulichokubaliana yatatufikisha tarehe gani. Kisha wachagueni wazazi wawili pale pale mkutanoni, wasio wajumbe, waende stoo wakahesabu magunia wakati mkutano unaendelea, warudi waseme walichokiona. Kurasa sita zibandikwe kwenye ubao wa matangazo kwa anayetaka kuzisoma, na zisitumwe tu katika kundi la WhatsApp, maana bibi anayelea wajukuu watatu kwa simu ya kitochi naye ni mzazi wa shule hii. Kwa sababu hiyohiyo, uamuzi wowote wa matumizi uliofikiwa kwa dole gumba za WhatsApp usihesabiwe kuwa uamuzi mpaka uthibitishwe katika kikao chenye akidi.

Nimalizie kwa makabidhiano, kwa kuwa wengi wenu mnapokea ofisi mwezi huu. Msipokee daftari bila kupokea fedha, wala fedha bila stoo. Siku ya makabidhiano wawepo mweka hazina anayeondoka, anayeingia, Mwalimu Mkuu na mjumbe mmoja wa serikali ya mtaa. Taarifa ya benki iliyochapishwa siku hiyo ilinganishwe na daftari la fedha, na tofauti yoyote iandikwe ilivyo, bila mtu kuifuta wala kuijazia kutoka mfukoni mwake ili kuepusha maneno. Magunia yapimwe, sufuria na sahani zihesabiwe, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika vitajwe kwa namba zake, madeni ya muuza maharage na ya mwenye mashine ya kusaga yaandikwe, na watia saini wa zamani waondolewe benki ndani ya wiki hiyo. Hati isainiwe katika nakala tatu, na moja abaki nayo yule anayeondoka, kwa kuwa yeye ndiye atakayeihitaji siku mtu atakapomuuliza.

Ndugu Mwenyekiti, katibu amewagawia fomu tupu ya makadirio ya chakula yenye nafasi ya idadi ya watoto, kipimo cha sahani, siku za masomo na wazazi wanaotarajiwa kutoa. Naomba kila shule iijaze sasa kwa namba zake, kabla ya chai, ndipo tuanze maswali tukiwa na karatasi hizo mkononi.